Mfinyanzi Asilie Gaeni

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Embu, neno la kwanza kutujia mdomoni ni muguka. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku, tuliteta barazani mpaka koo zikakauka. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza, watu hao wa Mbeere, mbali na muguka, wana nini?

Mimi nimekwenda na nimeona. Katika soko la Ishiara nilimkuta mama mmoja mtu mzima ametandaza vyungu vyake chini ya mti. "Mzee, nunua nyungu," akaniambia. Nikashtuka. Nyungu! Si neno hilo hilo tulitumialo sisi, mgonjwa wa homa anapofukizwa?

Nikambishia bei, nikambishia tena, mpaka akaniachia kwa nusu ya alichotaka. Ndipo nilipomwuliza kazi yenyewe ilivyo. Akanieleza: udongo huchimbwa, ukapondwa, ukatiwa mchanga na kukandwa. Chungu hufinyangwa kwa mikono mitupu, kikaanikwa kivulini siku kadhaa, kisha kikachomwa uwanjani kwa kuni na majani makavu. Kikipasuka motoni, jasho lote limekuwa vigae. "Na binti zako je, wameshika kazi hii?" Akacheka kidogo. "Washike wapate nini?"

Ndugu msomaji, jawabu lile lilinichoma. Sisi hupenda kulaumu sufuria na plastiki kwamba ndizo ziuazo ufinyanzi. Siafiki. Mwuaji mmoja nilimjua siku ile: ni mimi, mnunuzi mwenye ujanja wa nusu bei.

Nyumbani kwetu nyanya yangu alikuwa na sahani za China kidakani. Zilipanguswa vumbi kila Ijumaa, na mtoto hakuthubutu kuzigusa. Chungu kilichopika wali wetu kilikaa jikoni pamoja na majivu. Basi na tusikilize ardhi isemavyo. Profesa Mark Horton alipochimba Shanga, kisiwani Pate, kuanzia 1980, alikuta misikiti ya kale imejengwa mmoja juu ya mwingine, wa awali wa karne ya 8. Vigae vya ng'ambo vilikuwemo, lakini vilivyo vingi mno vilikuwa vya vyungu vilivyofinyangwa huku huku kwetu. Wataalamu wengi huuita ufinyanzi huo wa kale kwa jina la mto Tana. Na Tana hiyo ndiyo ipitayo Mbeere na Tharaka kabla ya kumwaga maji yake baharini Kipini. Mji wetu ulilishwa na chungu. Sahani ilikuwa pambo.

Msiseme kwamba kazi hii haina tena nafasi duniani. Huko New Mexico, Marekani, katika kijiji cha Wahindi Wekundu kiitwacho San Ildefonso, mama mmoja, Maria Martinez, na mumewe Julian walitengeneza vyungu vyeusi vya kung'ara, navyo vilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu. Maria akaanza kuvitia jina lake, na wanunuzi wakamlipa haki yake. Alifariki 1980, na ufundi ule ungali hai kijijini. Mkenya mwenzetu Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, alikwenda huko akajionea, na leo kazi zake mwenyewe zimo katika majumba makubwa ya makumbusho.

Kwa hiyo sitaki tumwonee huruma mama wa Ishiara. Nataka tumwulize jina lake, na tumlipe bei aliyoitaja. Muislamu asomaye Surat Ar-Rahman anajua kuwa binadamu mwenyewe ameumbwa kwa udongo mfano wa chungu. Hana sababu ya kuidharau kazi hiyo.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mama yule mikono yake ingali na nguvu, na binti zake wangali karibu naye wanatazama atarudi na nini kutoka sokoni.