Kazi ya kikundi imegeuzwa kichaka

Wanafunzi 70, vikundi 7, karatasi ya manila moja kwa kila kikundi, kalamu mkononi mwa mmoja. Kipindi kikiisha kiongozi anasimama, anasoma jibu, darasa linapiga makofi, na mwalimu anajaza kwenye andalio lake kwamba somo lilikuwa shirikishi. Tunasema wazi: hapo wengi hawakujifunza kitu.

Swali lilikuwa hili. Bomba moja hujaza tenki kwa saa 3, jingine kwa saa 6. Yakifunguliwa pamoja, tenki litajaa baada ya saa ngapi? Mwepesi wa kikundi anajumlisha, anagawa kwa mbili, anatamka saa 4 na nusu. Wenzake wananakili. Pembeni binti mmoja bado anachora tenki: kwa saa moja bomba la kwanza limejaza theluthi, la pili moja ya sita, jumla nusu. Basi ni saa 2. Tena ameshaona kuwa mabomba mawili hayawezi kuchelewa kuliko moja. Hakuna aliyemuuliza.

Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Marekani aliwatofautisha watoto wa namna hii tangu miaka ya 1960: wanaokurupukia jibu na wanaolipima kwanza. Huo si muhuri wa kumgonga mtoto maisha yake yote, na mwalimu anayewagawa wanafunzi kuwa wenye akili na wazito anawadhulumu. Lakini kikundi kisicho na utaratibu humpa ushindi mwenye sauti, hata akikosea.

Dawa inajulikana. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, Elliot Aronson alimpa kila mtoto kipande cha somo ambacho wenzake wasingeweza kumaliza kazi bila hicho. Ikawa lazima wasikilizane. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji maandalizi.

Tanzania imehubiri mtaala wa kujenga umahiri tangu 2005. Muda wa visingizio umekwisha. Kila mwanafunzi aanze peke yake, dakika tano, kwenye daftari lake; ndipo wakutane, wabishane; kisha mwalimu amwite ubaoni yeyote, si kiongozi. Na wathibiti ubora wa shule waache kuridhika na madawati yaliyopangwa duara. Wamwendee yule binti wa pembeni, wamuulize tenki litajaa baada ya saa ngapi, na amejuaje.