Risasi ya vita inapoteza nyama porini

Kindu, Maniema. – Juma lililopita nilisimama kwenye meza ya mama mmoja anayeuza nyama ya pori karibu na mto. Kijana aliyeleta mzigo kwa pikipiki alituonyesha bega la pongo lililokaushwa kwa moshi, lenye tundu dogo pembeni. “Tazama, papa,” aliniambia, “tundu ni safi, nyama haikuharibika. Ndiyo maana tunapenda risasi ya AK.” Waliokuwa wakinunua wakatikisa kichwa kukubali. Mimi sikukubali, na maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno kuyaacha bila jibu.

Tundu dogo ndilo kosa lenyewe. Risasi ya AK, ile ya 7.62 kwa 39, ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka kwa mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde. Imevikwa ganda la chuma mwili mzima, hata kwenye ncha. Ganda hilo lina sababu. Mwaka 1899, huko La Haye, mji uleule tunaousikia kila siku juu ya mahakama, mataifa yalikubaliana kwamba katika vita isitumiwe risasi inayopanuka ndani ya mwili wa mtu. Tangu hapo risasi za majeshi zinaundwa ili zisipanuke. Kwa askari aliyejeruhiwa hiyo ilikuwa huruma. Kwa mnyama ni kinyume chake, kwa sababu mwindaji anataka afe palepale, si aishi na kidonda.

Ndani ya nyama, risasi ile inakwenda wima kiasi cha sentimita 25 kabla ya kuanza kupinduka. Kifua cha pongo hakina unene huo. Cha mboloko wa kilo 5 ndiyo usiseme. Inaingia, inatoka upande wa pili na mwendo wake karibu wote, na kama haikugusa moyo, ubongo wala uti wa mgongo, mnyama anakimbia. Pori letu la kuelekea Punia si mbuga, baada ya mita 30 huoni kitu. Damu inadondoka kidogo, kwa sababu tundu ni dogo. Wazee wetu waliokuwa wakiwinda na mbwa wenye njuga wangemfuata hadi waanguke naye, lakini kijana mwenye AK ya kuazima hana mbwa, na hataki kukawia porini na bunduki ambayo si yake.

Nilimuuliza yule kijana alipiga wanyama wangapi safari ile. Akasema wanne. Na wale watatu? “Walikwenda nayo,” yaani walikimbia na risasi mwilini. Basi hesabu yenu ya “nyama haikuharibika” inahesabu mnyama mmoja aliyefika sokoni. Watatu waliooza chini ya miti hawakuletwa mezani kutoa ushahidi.

Wengine wananiambia haya ni maneno ya wazungu wa parki. Sawa, tuwaangalie wawindaji wenyewe, watu wanaopenda kuua na kula. Huko Uskoti wanawinda kulungu wakubwa milimani kila mwaka, na amri yao ya 1985 inasema: risasi iwe ya kupanuka, isipungue gramu 5.2 (hadi 2023 ilikuwa gramu 6.5), mwendo usipungue mita 746 kwa sekunde, nguvu isipungue joule 2,370 hivi. Pimeni AK yenu: mita 715, nguvu karibu joule 2,045, na haipanuki. Inapita mtihani wa uzito tu. Mtu akienda na risasi hiyo mbele ya kulungu wa Uskoti, anavunja sheria ya wawindaji.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi kwamba mwendo mkubwa ni dawa. Wako wachache hapa wenye ruhusa na karabina ya kweli ya kuwinda, na wanajisifu juu ya mita 900 kwa sekunde kama watu wanaojisifu juu ya pikipiki mpya. Mwendo huo ni wa milima na mbuga, ambako mnyama yuko mita 250. Kwetu mnampiga kwa mita 20, risasi bado na nguvu zake zote, na kama ni ya ganda jembamba inapasukia kwenye mfupa wa bega, haifiki kwenye mapafu. Bega lote linageuka uji wa damu. Mwenye karabina ya namna hiyo achague risasi nzito kwa kalibre yake, ya kupanuka lakini ngumu: ya shaba tupu, au ile ambayo ganda lake limeunganishwa na kiini. Inafunguka kama ua na kubaki nzima. Kwa mboloko haihitajiki kabisa. Kalibre 12 na kartushi ya chembe inatosha, na kwa pongo shevrotini ya marisau tisa, mradi umsogelee hadi mita 25. Kusogelea ndiyo kazi ya mwindaji.

Kuna jambo jingine, na hapa niseme haki: AK haina kosa kubwa katika hili. Kiswahili chetu kinaita kwa neno moja kinachorushwa na madini yenyewe: risasi. Madini hayo, plombi, ndiyo yaliyomo ndani ya kartushi za kalibre 12, na ndiyo mnayoyeyusha kutoka kwenye betri mbovu za gari kutengenezea risasi za bunduki za pupu. Mwaka 2008, huko North Dakota, Marekani, walipiga picha za eksirei nyama ya kulungu iliyotolewa kwa maskini, wakakuta vipande vidogo vya plombi ambavyo jicho halioni. California imekataza plombi katika uwindaji wote tangu 2019, Denmark imekataza hata risasi za bunduki za plombi tangu 2024. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plombi ambacho ni salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye akili. Mama, unapokata nyama, tupa sehemu yote iliyozunguka tundu, upana wa kiganja au zaidi, na usimpe mbwa.

Jibu ninalolijua tayari ni hili: kartushi ni ghali, ruhusa ni ghali, risasi ya AK inatolewa bure. Kweli. Inatolewa na mwenye bunduki, ambaye anakaa nyumbani akingoja nusu ya nyama. Yeye hapotezi kitu mnyama akikimbia, na siku mwindaji akikamatwa bunduki haina mwenyewe. Sheria ya uwindaji ya 1982 inadai ruhusa, sheria ya silaha ya 1985 haimpi raia silaha ya vita, na Mkataba wa Algiers wa 1968, ambao nchi yetu imo, unakataza kuwinda kwa bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kuvuta mara moja. Karatasi ziko. Ila mwanakijiji anayetaka kufuata sheria kwa kalibre 12 yake ya baba hajui hata ruhusa inalipwa wapi wala bei gani.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Bei halisi ya ruhusa ibandikwe mlangoni pa ofisi, kwa Kiswahili, na kartushi ziuzwe wazi kwa mwenye karatasi. Na machifu wa groupement, ambao wanajua vizuri kila bunduki inayolala kijijini mwao, waache kupokea mguu wa nyama kutoka kwa wale wanaoazimisha AK.