Kabla ya kuongeza makopo ya mboga, hesabu ndoo za maji

Mvua za vuli zinakaribia, na miezi ya Oktoba hadi Desemba ni wakati mzuri wa kupanua bustani ya nyumbani. Wengi wetu huku Mnazi Mmoja, Gerezani na Kariakoo hatuna shamba. Tuna ua wa pamoja, kibaraza cha ghorofa au paa. Umevuna mchicha kwenye makopo manne, umenogewa, sasa unataka yawe ishirini. Ni jambo jema, ila mjini bustani haikwami kwa nafasi tu. Hukwama kwa maji, uzito na majirani.

Anzia jikoni. Andika mboga mnazokula kwa wiki na mara ngapi. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Ukisia mabeseni manne siku moja, yote yatakomaa pamoja: mtakula mchicha mpaka watoto wagome, kisha mrudi gengeni. Sia beseni moja kila wiki. La nne likisiwa, la kwanza linakaribia kuvunwa. Kwa zamu hiyo, mabeseni manne yanaweza kukutosha kuliko kumi ya mkupuo.

Matembele hayahitaji mbegu. Omba marando kwa jirani, kata vipande vyenye macho manne, fukia nusu. Ukichuma bila kung'oa, yatachipua kwa miezi. Mboga za majani huvumilia jua la nusu siku, lakini nyanya na bamia zinataka saa sita au zaidi. Kama ghorofa la jirani linakuziba jua, usipoteze fedha kwa nyanya.

Sasa maji. Makopo makubwa kumi yanaweza kumaliza ndoo ya lita 20 kwa siku ya jua kali. Kwa mwezi ni lita 600. Mnapochangia mita moja, bili ikipanda ugomvi utaanzia kwenye mchicha wako. Zungumza na wenzako mapema. Tumia maji ya kuoshea mchele na mboga, mwagilia alfajiri au jioni, na jirani akikosa kitoweo mpelekee fungu. Mboga hiyo hulinda ujirani kuliko maelezo marefu.

Uzito nao tusiudharau. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa huzidi kilo 25, kwa hiyo kumi ni robo tani. Kabla ya kupandisha juu ya paa au kupanga kwenye kibaraza, mwulize mwenye nyumba.

Udongo usiuchote popote. Mto Msimbazi hubeba majitaka ya mji, hivyo udongo na maji ya bonde lake viache. Acha pia udongo wa karibu na gereji. Changanya ndoo mbili za udongo safi na moja ya samadi iliyooza vizuri; samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi. Mbegu nunua kwenye maduka ya pembejeo, ukiangalia tarehe ya mwisho na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

La mwisho ni la afya. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hata ya kisahani chini ya kopo. Toboa matundu chini ya kila chombo, mwaga maji ya visahani, funika pipa la akiba. Bustani inayolisha nyumba yako isiwalaze wagonjwa watoto wa ua mzima.

Kwa hiyo wiki hii usinunue kopo hata moja. Chukua daftari, andika mboga za wiki, saa za jua kila upande wa nyumba, na ndoo za maji unazoweza kumudu kwa siku bila kumkera mtu. Namba iliyo ndogo ndiyo ukubwa wa bustani yako ya vuli. Ikienda vizuri, masika ya Machi utaongeza tena.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.