MNAOMCHEKA STAA WETU KUHAMIA "KIJIJINI" UINGEREZA, HEBU TUONGEE KIDOGO

Watu wangu wa nguvu, wiki hii mjini hakukuwa na stori nyingine. Yule dada yetu wa bongo muvi, jina kapuni ila wote mnamjua, kaposti picha nne tu na Insta ikawaka moto. Kwenye picha kuna barabara nyembamba ya mawe, mto mdogo, kanisa la kizamani lenye mnara mrefu, na yeye mwenyewe kavaa koti zito na buti za mvua, uso hauna hata poda. Chini kaandika neno moja: "Nyumbani".

Basi mkatokwa povu. "Kumbe UK yenyewe ndo hii?" "Shosti kafulia." "Mzungu kamficha porini." "Bora angebaki Sinza yake." Kuna mwingine kauliza eti mbona hakuna magorofa.

Mimi nasema hivi: tunamcheka kwa kitu kisichochekesha, alafu vitu vya maana vya kumuuliza tunaviacha. Na hiki kicheko kinatugharimu sisi tuliobaki huku kuliko kinavyomgharimu yeye.

Tuanze na hicho mnachokiita kijiji. Mji anaoishi sitautaja, mtu ana haki ya kulala kwa amani. Nichukue mji wa aina hiyo hiyo, unaitwa Stamford, uko Lincolnshire, kaskazini mwa London. Una watu kama elfu 20 hivi. Kata moja tu ya Dar inaweza kuwameza wote na nafasi ikabaki. Treni ya moja kwa moja kwenda London hakuna, unapanda ya kwenda Peterborough, robo saa hivi, ndo unaunganisha.

Sasa msikilize. Huo mji mdogo ndio wa kwanza Uingereza nzima kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo, mwaka 1967. Majengo yake yanayolindwa kisheria yanapita 600. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali, makanisa ya enzi za kati yako matano, na soko la mtaani kila Ijumaa. Pembeni ya mji kuna jumba la Burghley, lililojengwa na William Cecil, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ujenzi ukachukua zaidi ya miaka 30 mpaka 1587. Wapenzi wa muvi, ile Pride & Prejudice ya 2005 aliyocheza Keira Knightley, mitaa mnayoiona pale ni ya Stamford. The Da Vinci Code nayo ilirekodiwa ndani ya Burghley. Yani mwigizaji wetu kahamia aina ya mji ambao Hollywood wanalipa kwenda kushuti, nyie mnasema kaenda porini.

Na msinichekeshe zaidi. Nyie nyie mkienda Zanzibar mnapanga foleni kupiga picha kwenye milango ya Mji Mkongwe. Mnaandika "historia" na vimoyo vitatu. Mbona hapo hamuulizi magorofa yako wapi? Ukuta wa zamani ukiwa wa kwetu ni urithi, ukiwa wa kule ni kufulia? Hiyo hesabu inakataa.

Nadhani tatizo letu ni kwamba kichwani Uingereza ni London tu, na London ni ile saa kubwa na daraja. Mtu akienda huko asipotuonyesha hivyo viwili, tunaona hajafika. Wakati Waingereza walio wengi hawaishi London kabisa. Wako kwenye miji ya kawaida, mingine midogo hivi hivi.

Ila sitaki na mimi niwauzie ndoto. Mji mzuri kwenye picha una maisha yake nyuma ya picha, na hapo ndipo mazungumzo yangetakiwa kuwa.

Kwanza nyumba yenyewe. Ukikaa kwenye nyumba iliyosajiliwa kuwa ya kihistoria, huamki tu asubuhi ukaamua kubadili madirisha. Lazima upate kibali cha halmashauri, na kufanya mabadiliko bila kibali ni kosa la jinai. Sio faini ya mgambo, ni jinai kweli. Kwa hiyo utakuta dirisha la kioo kimoja, upepo unapita, na umeme au gesi ya kupasha joto inakula hela kila mwezi. Hapo bado kodi ya halmashauri, bado leseni ya televisheni inayopita pauni 170 kwa mwaka. Ndio, kule unalipia leseni ya kuangalia TV.

Pili giza. Rafiki yangu niliyesoma nae sekondari yuko kwenye mji mdogo wa aina hiyo, anahudumia wazee, alienda 2023. Ananiambia baridi ulizoea mapema, kinachokuua ni giza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kazini usiku, unafika nyumbani usiku, basi la mwisho limeshapita. Jumapili maduka makubwa yanaruhusiwa kufungua saa sita tu, ndo sheria yao. Leseni ya udereva ya Tanzania unaitumia miezi 12 tu, baada ya hapo unafanya mtihani wao upya, na kwenye mji wa mabasi machache kukosa leseni ni kama kukosa miguu.

Tatu upweke. Huku kwetu ukikohoa jirani anauliza "umepaliwa?" Kule majirani ni wastaarabu, wanakusalimia vizuri, ila hakuna anayepita jioni kuomba chumvi akakaa masaa mawili. Rafiki yangu anasema kuna wiki inapita hajaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana, anaongea na simu tu. Unga wa ugali anaufuata mji wa jirani, na siku hiyo anaihesabu kama sikukuu.

Nne, na hii ndo kubwa, makaratasi. Wengi mnadhani ukiolewa na mzungu unapanda ndege kesho yake. Tangu Aprili 2024 mtu anayetaka kumleta mwenza Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 ya zamani, au awe na akiba nene benki. Kuna ada ya viza, na kuna mchango wa matibabu wa pauni 1,035 kwa kila mwaka. Viza ya kwanza ya miezi 33, huo mchango peke yake ni pauni 3,105, unalipwa kabla hujaonja hata chai yao. Kazi unaruhusiwa kufanya, ila misaada mingi ya serikali huigusi, na mpaka uje uombe ukaazi wa kudumu ni miaka mitano.

Sasa niambieni, mtu aliyepita yote hayo akafika, akawasha jiko lake, akaandika "Nyumbani", hapo cha kucheka ni kipi?

Nawasikia mnaojibu. "Wewe unamtetea, wakati yeye ndo alikuwa anatuvimbia na magari ya kukodi na kula bata kila wikendi. Ngoja nae tumnyooshe." Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Mastaa wetu wengi wametufundisha wenyewe kupima maisha kwa kuangalia picha. Ila tazama kilichotokea hapa. Kwa mara ya kwanza katuonyesha kitu cha kweli, bila filta, bila gari la mtu. Na ndio siku tuliyomchapa. Alipodanganya tulimpigia makofi, aliposema kweli tukamzomea. Hapo atajifunza nini? Na wale wengine wanaotazama wamejifunza nini?

Nawaambia wanachojifunza. Rafiki yangu kasema kuna Watanzania kule wanaotunza hela, wanapanda treni kwenda London mara moja, wanabadilisha nguo tatu, wanapiga picha kwenye lile daraja, wanarudi usiku ule ule. Zile picha wanazila miezi sita kidogo kidogo. Sio kwamba wanapenda London. Wanawaogopa nyie.

Na picha hizo zinafika wapi? Zinafika kwa mdogo wako aliyemaliza form four yuko kijiweni Mbagala. Anaona daraja, anaona koti, anasema kule hela inaokotwa. Anaenda kwa wakala. Wakala anamwambia kuna kazi ya kulea wazee, lete milioni kadhaa. Familia inauza kiwanja. Wakati ile viza ya wahudumu wa wazee, waombaji wapya kutoka nje ya Uingereza wamefungiwa tangu Julai 22, 2025. Na hata kabla haijafungwa, tangu Machi 2024 mhudumu mpya alikuwa haruhusiwi kwenda na mke, mume wala watoto. Mtu anayekuuzia hiyo nafasi leo anakuuzia hewa. Lakini nani atamwambia dogo, kama kila aliye kule anaogopa kusema ukweli asije akaitwa kafulia?

Kuna lingine linaniuma zaidi, na naomba dada zangu walisome taratibu. Sisemi kwamba huyu staa wetu ana shida yoyote, simjui mume wake na sitaki kumzushia. Ila kwa mwanamke yeyote aliye peke yake kwenye mji mdogo, mwenye viza inayomtegemea mume, leseni hana, ndugu hana, siku mambo yakigeuka ndani ya nyumba atamwambia nani? Aje aandike Insta? Ili mumjibu "tulisema"? Mmeshamfungia mlango kabla hajabisha hodi.

Na kwa sababu wengi hawajui, acha niseme: sheria ya Uingereza inamruhusu mtu aliyeingia kwa viza ya mwenza, ndoa ikavunjika kwa sababu ya kunyanyaswa, kuomba ukaazi wa kudumu kwa njia hiyo. Sio lazima avumilie kipigo kisa makaratasi. Mtumie ndugu yako aliye kule, hata kama yuko sawa. Hiyo ni komenti ya maana kuliko vikatuni mia vya kucheka.

Pia tusisahau upande mwingine. Inawezekana dada wa watu ana furaha zake kabisa! Fikiria umeishi miaka kumi huwezi kununua nyanya bila mtu kukurekodi kwa siri. Leo unapita sokoni, muuza maua anakujua kama mteja wake tu, hajui uliachana na nani mwaka gani. Unatembea mtoni na mtoto, hakuna anayekupiga picha. Kwa mtu aliyetafunwa na udaku, kutojulikana ni starehe ambayo hela ya Masaki hainunui. Na sisi wa blogu za udaku tunalijua hilo vizuri kuliko mtu mwingine.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mtu wetu akihamia mji mdogo huko nje, tuache kumpima kwa magorofa. Tumuulize: makaratasi yako sawa? Una mtu wa kuongea nae? Kazi unafanya? Leseni umeshaanza kusomea? Majibu ya maswali hayo ndo yanaonyesha kama mtu kafulia au kafika. Unaweza kukaa katikati ya London, chumba kimoja watu sita, viza imeisha, ukawa umepotea kuliko mtu wa Stamford anayejua jina la muuza mkate wake.

Na wewe staa wetu, najua huwa unapita humu kimya kimya. Usifute zile picha. Tuonyeshe na bili ya joto, tuonyeshe na giza la saa kumi, tuonyeshe na siku uliyopata unga. Kuna dogo mahali anazihitaji kuliko lile daraja.

Wadau mlioko miji midogo huko majuu, uwanja ni wenu hapo chini. Mtuambie ukweli, bei na yote. Na atakayewacheka, komenti yake naifuta mimi mwenyewe.