Kukoma hedhi si kukoma kwenda kliniki

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu, mama wa miaka 61, kutoka nyumbani kwake karibu na Chwele hadi kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Tulipofika dirishani, muuguzi alimwamkia kwa heshima kisha akamwuliza: "Kukhu, umemleta nani?" Shangazi akajibu kwamba amejileta mwenyewe, anataka kupimwa. Siku hiyo ilikuwa ya wajawazito na watoto wa chanjo. Akaambiwa kwa upole arudi siku atakapougua.

Simlaumu muuguzi yule. Swali lake ndilo linaloulizwa katika vituo vingi, kutoka Bungoma hadi Kitale, kwa sababu huduma zetu humwona mwanamke kwa jicho la uzazi. Akiwa na mimba ana kliniki yake na kijitabu chake. Akitaka kupanga uzazi ana mlango wake. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na lilikuwa jambo jema. Lakini akishakoma hedhi, jambo linalowafika wengi karibu na umri wa miaka 50, mlango wake ni upi? Upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi hufanywa mara nyingi katika kliniki zizo hizo za kupanga uzazi. Yeye hana tena sababu ya kufika huko.

Hata akifika, kuna jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi. Kipimo kilichoenea sana mashinani ni kile cha siki. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kama kuna sehemu iliyogeuka kuwa nyeupe. Ni kipimo cha bei nafuu na kimewasaidia wengi. Hata hivyo, hedhi ikikoma, ile sehemu ambapo saratani hii huanzia hurudi ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mama wa miaka 58 anaweza kuambiwa "uko sawa" ilhali sehemu yenyewe haikuonekana. Huyo anafaa kipimo cha virusi vya HPV au kile cha Pap, ambacho chembechembe zake hupelekwa maabarani. Kipimo cha HPV kina faida nyingine: mama anaweza kuchukua sampuli mwenyewe, faraghani. Kwa nyanya anayeona haya kulala mbele ya muuguzi wa umri wa mjukuu wake, hilo si jambo dogo. Hapa Kenya saratani hii huua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka, na chanjo iliyoanza kutolewa mwaka wa 2019 ni ya wasichana wadogo. Nyanya zao hawamo.

Sasa niseme la damu. Nimesikia akina mama wakicheka kwamba hedhi "imerudi" miaka mitatu baada ya kukoma, eti ujana umerejea, au ni kwa sababu ya kubeba gunia la mahindi. Ndugu yangu, ukikaa miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone moja, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, usingoje siku ya kupimwa. Mara nyingi si saratani. Lakini kwa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wanaopatwa na hali hiyo, huwa ni saratani ya nyumba ya uzazi, nayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Ikichelewa, safari ni ya kilomita 70 hivi kutoka Kitale hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, tena na tena, na shamba huuzwa.

Saratani hutisha, kwa hivyo huzungumzwa. Presha haitishi, na ndiyo huua kimyakimya. Homoni ya kike inapopungua, mishipa ya moyo hupoteza kinga iliyokuwa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Vipimo hivi viwili huchukua dakika chache. Hapo hapo mwombe daktari ayaguse matiti, na uulize kuhusu eksirei yake. Mifupa nayo huwa hafifu. Mama aliyeanza kupinda mgongo au aliyevunjika mkono kwa kuteleza tu asiambiwe ni uzee. Omena, maziwa na mboga za kienyeji husaidia, pamoja na kutembea.

Utaniambia pesa hakuna. Ni kweli, na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi bado hawajui wanalipiwa nini. Jisajili, kisha uulize waziwazi kabla ya kupimwa. Lakini huku Kitale ng'ombe wa gredi huitiwa daktari kabla hajaugua, na trekta hupelekwa kwa fundi kabla ya msimu wa kulima. Mama anayelea wajukuu watano husubiri hadi aanguke.

Maombi yangu kwa serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia si makubwa. Tengeni siku moja kwa wiki, hata asubuhi tu, ya akina mama waliokoma hedhi, na muwape kijitabu kama cha wajawazito. Shangazi alipimwa presha hatimaye, kwenye duka la dawa. Ilikuwa 168 kwa 100. Ameiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu la mjukuu wake.