Lirhanda pandeni, lile shimo liacheni

Wasee, kila mtu anaota Mlima Kenya na Lirhanda iko hapa tu Kakamega. Anza kupanda saa kumi na moja alfajiri. Miguu itateleza, utashika nyasi, utajuta. Halafu ufike juu, msitu mzima uko chini yako, ukungu umeufunika kama blanketi.

Shida ni lile handaki la wachimba dhahabu wa enzi za mkoloni. Niliingia nikaposti klipu, ikatazamwa kushinda zangu zote. Kisha dogo wa Fomu Tatu akaniandikia, "Bro, Jumamosi tunaingia na mabeshte." Nikaifuta hapo hapo.

Mle ndani kuna popo. Mwaka 1980 na 1987, watu wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, walikufa kwa virusi vya Marburg. Sisemi popo wa Lirhanda wanavyo. Nasema niliingia bila kujua, nikawaita wengine. Na mwamba ukiporomoka hauulizi una wafuasi wangapi.

Chukua mwongozaji wa pale msituni, mlipe, piga picha za kileleni. Watazamaji watarudi tu. Yule dogo je?