Pawabenki Zipimwe Kama Mizani

Mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, haruhusiwi kuuza kwa mizani anayoiamini yeye peke yake. Sheria ya Vipimo inadai kwamba mizani hiyo ikaguliwe na kupigwa chapa, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye dhamana ya kazi hiyo. Akikutwa ameichezea mizani yake, mchuuzi huyo ni mkosaji mbele ya sheria. Hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayelalamika kwamba ukaguzi huo ni usumbufu. Kila mtu anaelewa kuwa gramu 100 zikipunguzwa katika kila kilo, aliyezipunguza ni mwizi.

Lakini mwendo mfupi kutoka hapo, katika vibanda na maduka yanayowahudumia wakazi wa Kamunyonge na kata za jirani, kuna bidhaa inayouzwa kila siku kwa kipimo ambacho mnunuzi hana njia ya kukihakiki. Bidhaa hiyo ni pawabenki, yaani ile betri ya kubebea mkobani ambayo huichaji simu pale umeme unapokatika. Juu ya boksi lake huandikwa kwa tarakimu kubwa 10,000, au 20,000, au hata 50,000. Tarakimu hizo ni kipimo cha umeme kama vile kilo ilivyo kipimo cha dagaa. Tofauti ni kwamba kilo ya dagaa ina mlinzi, lakini namba ya pawabenki imeachwa iseme itakavyo.

Wapo watakaoliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili kuwashughulisha watu wazima. Hao hawajatazama jinsi kazi ya umma inavyofanyika siku hizi. Mtumishi hujaza utekelezaji wa kazi zake katika mfumo wa PEPMIS, ulioanza kutumika katika mwaka wa fedha 2023/2024, na wengi hufanya hivyo kwa simu zao wenyewe. Mwalimu hupokea maelekezo ya kazi kwa simu, huwatumia wazazi taarifa kwa simu, na ada ya mtoto wake anayesoma mbali huilipa kwa simu. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 uliwafundisha wengi kwamba simu iliyozimika ni ofisi iliyofungwa. Hata baada ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, nguzo huendelea kuanguka kwa upepo na transfoma huendelea kuungua. Kwa hiyo pawabenki si pambo la vijana. Ni kitendea kazi ambacho mtumishi hukinunua kwa mshahara wake mwenyewe.

GUNIA TUPU

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Betri za lithiamu zilizomo ndani ya pawabenki hufanya kazi kwa volti 3.7, lakini umeme hutoka kwenda kwenye simu kwa volti 5. Pawabenki ya kweli ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74. Ukizigawa kwa volti 5 unapata miliampea-saa 14,800, na joto likishachukua sehemu yake zinabaki kiasi cha 12,000 au 13,000. Hivyo hata mtengenezaji mwaminifu huandika juu ya boksi namba ambayo mnunuzi hataipokea kamwe. Hilo ni jambo la kwanza la kurekebishwa, maana mtu hulipia kinachomfikia. Hakuna muuza maziwa anayeruhusiwa kuhesabu na yale yaliyomwagika njiani.

Jambo la pili ni uongo wa makusudi. Betri moja ya mviringo ya aina inayotumika sana katika vifaa hivi ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na uzito wake ni kiasi cha gramu 45. Iliyo bora kabisa katika aina hiyo hubeba miliampea-saa 3,500 hivi. Basi pawabenki ya 20,000 inahitaji betri sita kama hizo, na betri peke yake, bila kasha, zitafikia karibu gramu 270. Inapouzwa pawabenki ya 20,000 yenye uzito wa gramu 150, hakuna haja ya kumwita mhandisi. Mizani ile ile ya dagaa inatosha kuthibitisha udanganyifu. Na wadanganyifu wanalijua hilo, ndiyo sababu katika nchi mbalimbali zimekutwa pawabenki zilizojazwa mchanga au vipande vya chuma ili ziwe nzito mkononi.

Taifa hili limepiga vita lumbesa kwa miaka mingi. Gunia la mazao lililozidi kilo 100 lilikatazwa kwa sababu lilimwibia mkulima jasho lake huku likiitwa gunia moja kama mengine. Pawabenki ya uongo ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Lumbesa ilimnyonya muuzaji kwa gunia lililojazwa kupita kiasi. Pawabenki humnyonya mnunuzi kwa gunia tupu linaloitwa limejaa. Ikiwa la kwanza ni dhuluma, haiwezekani la pili liwe biashara halali.

NGUO YA WAYA

Ulaghai huo huo umeingia katika waya za kuchajia. Siku hizi zinasifiwa sana zile zisizofungana mafundo, ambazo ama ni bapa kama utepe ama zimevikwa uzi wa nailoni uliosukwa. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kadiri yake, kwani waya wa namna hiyo hukunjuka vizuri unapotolewa mkobani. Lakini nguo nzuri haithibitishi afya ya mwili uliomo ndani. Kinachosafirisha umeme ni shaba, na shaba haionekani.

Chukua waya wa mita moja ambao nyuzi zake za shaba zina kipenyo cha karibu theluthi moja ya milimita. Umeme ukienda na kurudi hukutana na ukinzani wa kiasi cha omu 0.4. Simu ikivuta ampea 2, volti 0.8 hupotelea njiani, na simu hupata volti 4.2 badala ya 5. Matokeo yake ni kwamba simu hupunguza mvuto wake, nayo kazi ya saa mbili huwa ya saa nne. Mtengenezaji akiweka alumini iliyopakwa shaba badala ya shaba halisi, upotevu huo huongezeka, kwa kuwa ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba. Mtumishi aliyeuziwa waya huo huilaumu simu yake, kisha huilaumu pawabenki, na mwisho huulaumu umeme wenyewe. Mkosaji halisi amejificha ndani ya uzi wa nailoni, akisifiwa kwa kutofunga mafundo.

WANAOMLAUMU MNUNUZI

Wapo wanaosema kwamba kosa ni la mnunuzi, kwa kuwa anapenda vya bei nafuu, na kwamba cha rahisi ni ghali. Methali hiyo ni ya hekima ikisemwa na mzazi kwa mwanawe, lakini ni ya aibu ikisemwa na mtu aliyepewa dhamana ya kulinda soko. Mnunuzi wa Kamunyonge hakuambiwa kwamba ananunua miliampea-saa 3,000 kwa bei ndogo. Angeambiwa hivyo akakubali, pasingekuwa na malalamiko. Yeye aliambiwa 20,000. Maskini ana haki ya kununua kidogo, lakini hana wajibu wa kudanganywa.

Wengine huonya kwamba ukaguzi utapandisha bei. Chukua mfano wa hesabu tu. Pawabenki ya shilingi 15,000 inayotoa miliampea-saa 3,000 humgharimu mnunuzi shilingi 5 kwa kila moja. Ya shilingi 45,000 inayotoa 12,000 humgharimu shilingi 3 na senti 75. Aliyedhani amenunua nafuu ndiye aliyenunua ghali, nalo boksi lilihakikisha hatambui. Pale tu namba itakapokuwa ya kweli ndipo bei itakapoweza kulinganishwa.

Tena haifai ukaguzi huo ugeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia mmachinga. Kijana anayetembeza waya na pawabenki katika soko la Nyasho hakuandika ile 20,000. Alinunua kwa jumla kama ilivyo, naye alidanganywa kabla ya mteja wake. Kumnyang'anya sinia na kumwacha mwagizaji amelala usingizi ni kukata jani na kuumwagilia mzizi maji.

Wala madhara hayaishii kwenye fedha. Betri ya lithiamu isiyo na kinga hufura, hupata joto na huweza kuwaka, na mara nyingi huwa imewekwa kitandani, karibu na mtoto. Kiwango cha kimataifa IEC 62133 kinataka betri za namna hii zijaribiwe kwa kubanwa, kuangushwa, kutiwa joto na kuunganishwa ncha kwa ncha kabla hazijaaminiwa. Uchina, ambako sehemu kubwa ya pawabenki za dunia hutengenezwa, iliamua kuwa tangu Juni 28, 2025 abiria wasipande ndege za safari za ndani na pawabenki isiyo na alama ya ubora ya nchi hiyo. Mwenye kiwanda akikataa bidhaa kama hiyo katika ndege yake, kwa nini ikubalike chini ya mto wa mwanafunzi wa Musoma?

YANAYOWEZEKANA

Hakuna anayeweza kudai kwamba jambo hili halina njia. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia nchini kote, baada ya kumpa kila mwananchi njia ya kuihakiki simu yake kwa kubonyeza alama chache. Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975 na sasa likiongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, lina uwezo wa kukagua shehena kabla hazijaondoka huko zitokako. Tume ya Ushindani ina mamlaka juu ya bidhaa bandia. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba namba iliyo juu ya boksi ni kipimo, na kila kipimo lazima kipimwe.

Basi yafaa yafanyike mambo matatu. Kwanza, kila pawabenki iandikwe kwa Kiswahili kiasi cha umeme kinachotoka kweli, na kila waya uandikwe ampea unazoweza kubeba na madini yaliyomo ndani. Pili, wakaguzi wachukue sampuli madukani, wazipime kwa mita ndogo ya USB ambayo hata fundi simu anayo, na kutangaza matokeo kwa majina ya bidhaa, ili aliye Musoma asilazimike kupeleka lalamiko lake Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Tatu, faini imfuate mwagizaji hadi ghalani kwake.

Walimu nao wasisubiri. Somo la umeme hufundishwa kwa betri na balbu zilizochorwa ubaoni, ilhali mikobani mwao mna vifaa vinavyohitaji kupimwa. Darasa moja la sekondari, kwa mizani, saa na mita moja, linaweza kupima pawabenki kumi kwa juma moja na kubandika matokeo ukutani. Mtoto aliyeona kwa macho yake 20,000 ikigeuka kuwa 3,000 hatadanganywa kwa urahisi tena, iwe kwa pawabenki, iwe kwa mbegu, iwe kwa dawa.

Mchuuzi wa dagaa ameikubali mizani kwa sababu anajua kwamba mizani ya haki humlinda yeye na mteja wake pia. Hakuna sababu hata moja ya kumdai uaminifu huo mwenye dagaa za shilingi elfu mbili, na kumsamehe mwenye kontena zima la namba za uongo.